Kutafuta kasha lililofichwa: mchezo wa GPS, adabu zake, na neno la mama mmoja

 

Safari hii ukurasa wa elimu hauna maswali ya mtihani. Nataka tuongee juu ya mchezo. Unachezwa na wakubwa kwa wadogo, karibu dunia nzima, na mimi nilijaribu kuuleta shuleni kwetu. Nilikosea. Mzazi mmoja alikuja kunirekebisha, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nitafika huko. Kwanza tuujue mchezo wenyewe.

Niliusikia kwa rafiki niliyesoma naye hapa hapa kambini, ambaye familia yao ilihamishiwa Marekani. Siku moja alinitumia picha kwa simu. Mdogo wake amechuchumaa kwenye kisiki cha mti, ameshika kasha la chuma, anacheka meno yote nje. Nikamuuliza, hicho kitu mmekiokota wapi? Akajibu: "Hatujaokota bwana, tumetafuta. Simu ndiyo imetuleta mpaka hapa."

MCHEZO ULIANZAJE

Huko wanauita geocaching. Sisi ambao wazazi wetu wametoka Kongo neno hilo halitupigi chenga. "Geo" ni ardhi, kama kwenye jiografia. Na "cache" ni Kifaransa, kitu kilichofichwa. Nani kati yetu hajacheza cache-cache? Watanzania wanaita kombolela. Zamani wawindaji wa Kifaransa kule Amerika ya Kaskazini walificha chakula na vifaa msituni ili wavikute wakirudi, na stoo hiyo ya siri waliiita cache. Neno likabaki. Mimi humu nitasema kasha tu, yanafanana kabisa.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu anachukua chombo chenye mfuniko usiopitisha maji, anatia ndani daftari dogo na vitu vidogo vya kubadilishana, halafu anakificha mahali. Anapima namba za mahali pale kwa kifaa cha GPS na kuzitangaza kwenye intaneti. Mtu mwingine, ambaye hawajuani kabisa, anazisoma, anafunga safari, anatafuta. Akilipata anaandika jina na tarehe kwenye daftari, anafunga, anarudisha pale pale. Hakuna zawadi ya pesa. Furaha ni kutembea, kutafuta na kupata.

Ulianza mwaka 2000. Mitambo ya GPS ni mali ya serikali ya Marekani, ilijengwa kwa ajili ya jeshi. Kabla ya hapo raia waliruhusiwa kuitumia, lakini serikali ilikuwa inaiharibu ishara yao kwa makusudi ili wasipate vipimo vizuri. Kosa lilifika kama mita 100, urefu wa uwanja wa mpira. Jaribu kutafuta kopo kwenye eneo la ukubwa huo! Rais Bill Clinton akaamuru uharibifu huo usimamishwe, na kuanzia tarehe 2 Mei 2000 vifaa vya raia vikawa sahihi kama mara kumi kuliko jana yake.

Kesho yake tu, tarehe 3 Mei, bwana mmoja wa mambo ya kompyuta aitwaye Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi, akaiweka msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Alitia ndani kitabu, kanda ya video, diski za kompyuta, pesa kidogo, mpini wa manati na kopo la maharage. Akatangaza namba: N 45° 17.460, W 122° 24.800. Sheria yake ilikuwa fupi: chukua kitu, acha kitu. Ndani ya siku tatu watu wawili wakawa wameshaifikia ndoo. Mmoja wao, Mike Teague, akaanza kukusanya namba za makasha mengine yaliyoanza kufichwa. Mwezi huo huo Matt Stum akapendekeza jina la geocaching. Mwezi Septemba 2000 Jeremy Irish alifungua tovuti ya mchezo huo, ikiwa na makasha 75 tu. Leo yapo zaidi ya milioni 3 katika nchi zaidi ya 190. Moja lilipelekwa hata kwenye kituo cha anga kinachozunguka dunia, mwaka 2008.

Yapo makasha ya kila namna. Mengine ni madogo kama kidole gumba, yanaingia karatasi moja tu iliyokunjwa. Mengine ni ndoo nzima. Tangu 2001 wapo wanaotia humo kibati chenye namba. Anayekikuta anakihamishia kwenye kasha lingine, huyu na yule, mpaka kibati kinavuka bahari na mwenyewe anafuatilia safari yake akiwa nyumbani. Na kasha linalopendwa sana na wazoefu wa Marekani, mtashangaa, ni kasha la chuma lililokuwa la risasi. Halipitishi maji, halipasuki. Hilo ndilo alilokuwa ameshika yule mtoto kwenye picha. Lishikeni hilo kichwani, tutarudi kwake.

GPS INAJUAJE ULIPO?

Wanafunzi wangu waliniuliza: Mwalimu, ile setilaiti inatuona? Hapana, haituoni. Setilaiti za GPS hazijui kama wewe upo. Kazi yao ni kutangaza tu, kama redio. Kifaa chako kinasikiliza, halafu kinapiga hesabu chenyewe.

Chukua mfano wa radi. Ukiona umeme unamulika juu ya ziwa, unahesabu: moja, mbili, tatu... mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukihesabu sita, radi iko kilomita mbili. GPS inafanya hivyo hivyo, ila kwa ishara ya redio inayokwenda kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Setilaiti iko juu kama kilomita 20,200 na ina saa ya ajabu isiyokosea. Inatangaza: "Mimi ni fulani, niko hapa, saa hizi ni saa hizi." Kifaa kinaangalia ishara imechelewa kiasi gani. Huwa ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo kinajua umbali wa setilaiti ile.

Umbali wa setilaiti moja hautoshi. Ni kama mtu akuambie "nyumba yangu iko dakika kumi kutoka bombani". Upande gani? Ongeza: "na dakika tano kutoka kanisani, na dakika saba kutoka sokoni". Sasa unaipata. Ndiyo maana kifaa kinahitaji setilaiti zaidi ya moja, na angalau nne. Ya nne ni ya kurekebisha saa ya kifaa chako, maana saa hiyo ni ya bei rahisi. Ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umepotea mita 300. Mfumo unahitaji setilaiti 24 zikiwa kazini ili mahali popote duniani zionekane za kutosha.

Kwa hiyo GPS inataka anga wazi. Chini ya bati haipati vizuri, chini ya miti minene inayumba, katikati ya magorofa ishara inagonga ukuta na kudanganya. Ukiwasha, simama nje, subiri dakika moja au mbili, usianze kukimbia. Mahali pa wazi kosa huwa kama mita 5.

VIFAA VYENYEWE

Miaka ile ya kuanza watu walitumia vifaa vya mkononi. Garmin eTrex ya njano ya mwaka 2000 ilienea kiganjani na ilitumia betri mbili ndogo za AA, zile za tochi. Haikuwa na mapambo, ilionyesha namba na mshale. Vifaa vya aina hiyo bado vinatumika, maana vinavumilia mvua na kuanguka, na betri unabeba za akiba. Mmeshawaona wapimaji wakisimama kwenye bomba la maji au kwenye kona ya zahanati na kifaa mkononi. Wengine mlinung'unika kwamba wanapima mtuhamishe. Mara nyingi wanachofanya ni kuchukua namba za mahali ili bomba lionekane kwenye ramani, basi.

Siku hizi simu ya tachi ina GPS ndani yake. Na hapa nirekebishe jambo: GPS yenyewe haili bando. Hata bila laini simu inaweza kupokea ishara na kukupa namba. Kinachokula bando ni ramani inayopakuliwa. Ukiwa umeipakua mapema unaweza kutembea bila intaneti. Ila betri inaisha haraka, na sisi tunaochaji kwa kulipia tunajua maana yake.

Usisahau vifaa vya bure: dira, hatua zako na macho. Mita 5 za mwisho GPS haikusaidii tena. Inasema "umefika" na wewe huoni kitu. Hapo unazima simu na kujiuliza: ningekuwa mimi, ningeficha wapi?

KUSOMA NAMBA

Namba zile zinatisha lakini ni hesabu ya darasa la sita. Dunia imegawanywa kwa nyuzi. N ni kaskazini ya ikweta, S ni kusini, E ni mashariki na W ni magharibi. Kila nyuzi moja ina dakika 60. Siyo dakika za saa, ni za kipimo. Kwenda kaskazini au kusini, nyuzi moja ni kama kilomita 111, dakika moja ni kama mita 1,852, na sehemu moja ya elfu ya dakika, yaani tarakimu ya mwisho kabisa, haifiki mita 2.

Mji wa Kigoma uko karibu S 4° 53. Maana yake uko kusini ya ikweta kama kilomita 540. Ulmer yeye aliandika N 45°, yaani yuko katikati ya ikweta na ncha ya kaskazini. Namba mbili tu, na mtu asiyekujua anajua uliposimama. Nilipowaeleza watoto wa darasa la saba hilo walinyamaza, halafu mmoja akauliza: kwa hiyo hata kijiji chetu kule Fizi kina namba? Ndiyo, kina namba. Na namba zake hazikimbii.

ADABU ZA MCHEZO

Mchezo huu unasimama juu ya kuaminiana watu wasiojuana. Anayeficha hayupo pale kulinda. Anayepata hakuna anayemwona. Bila adabu ungekufa mwaka ule ule ulioanza. Hizi ndizo kubwa:

1. Omba ruhusa kwa mwenye ardhi kabla ya kuficha. Siyo baadaye.

2. Usichimbe shimo. Kasha linafunikwa kwa majani au jiwe, halizikwi. Ulmer mwenyewe ndoo yake ilikuwa imefukiwa nusu, ila watu walijifunza kwamba kila mtafutaji akija na jembe msitu utaharibika.

3. Ukichukua kitu, acha chenye thamani sawa au zaidi. Kama huna, usichukue, andika jina tu.

4. Usitie chakula. Wanyama wanasikia harufu, wanavunja. Wala pombe, dawa, kisu, kiberiti, au kitu chochote cha kulipuka. Kumbuka watoto wanafungua.

5. Rudisha kasha pale pale, lilivyofunikwa. Usilisogeze eti umeona mahali pazuri zaidi.

6. Sema ukweli. Ukikosa, andika umekosa. Mwenye kasha akiona watatu wamekosa anajua limeibiwa, anakwenda kuangalia.

7. Makasha mawili yawe mbali angalau mita 161. Na kabla halijatangazwa, mchezaji mzoefu wa kujitolea analikagua kwanza kwenye maandishi.

8. Ondoka na takataka ulizokuta njiani. Tangu 2002 wanafanya hata siku maalumu za usafi.

9. Usifiche mahali ambapo huwezi kurudi kulitunza.

10. Andika juu ya kasha, kwa herufi kubwa, kwamba ni mchezo. Kama lilikuwa la jeshi, futa alama zote za jeshi.

Ya tisa ilinikaa moyoni. Mzee wangu husimulia kwamba mwaka 1996, walipokimbia, alifukia kichwa cha cherehani na sufuria mbili chini ya mgomba, akaweka jiwe kama alama. Alisema nitarudi baada ya wiki. Mimi nimezaliwa huku. Kila nyumba kambini ina hadithi ya namna hiyo, sihitaji kueleza zaidi.

Na ya kumi ilikuja kwa maumivu. Mwaka 2011, mji wa Wetherby kule Uingereza, mfanyakazi wa mgahawa alimwona mtu anainama na kuficha kitu nje. Akaita polisi. Wataalamu wa mabomu wakaja, wakakilipua. Kilikuwa kikasha cha plastiki cha mchezo. Mambo kama hayo yametokea miji mingi. Wachezaji wana jina la utani kwa watu wasioujua mchezo, wamelitoa kwenye vitabu vya Harry Potter, na desturi yao ni kutafuta kimyakimya wale wasione. Mimi niliposoma desturi hiyo niliipenda sana. Ndipo kosa langu lilipoanzia.

KOPO LANGU

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi jioni, watoto wakiwa wameshaondoka, nilichukua kopo la maziwa ya unga, la bati, nikatia daftari, kalamu ya risasi, vifungo na gololi. Nikalisukuma kwenye majani marefu nyuma ya darasa la mwisho. Sikumwambia mtu, hata mwalimu mkuu. Nilitaka siri iwe tamu. Asubuhi yake wakati wa vipindi niliwaambia wanafunzi: nimeficha kopo kwenye majani, Jumatatu tutalitafuta kwa namba.

Jumatatu, kabla ya kengele, mama mmoja alikuwa ananisubiri mlangoni, amemshika binti yake mkono. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, mimi pia nikamuuliza. Halafu akasema:

"Mwalimu, miye nimekuja na neno. Siyo la ugomvi."

"Karibu mama, sema."

"Mtoto wa dada yangu kule nyumbani alikwenda shambani kuchimba mihogo. Akaona kitu cha chuma kwenye majani, akafikiri ni kichezeo. Leo ana mkono mmoja. Huyu wangu, tangu anajua kutembea, namwambia kila siku: kitu usichokijua, usiguse. Amekua anajua. Sasa mwalimu wake anamwambia aingie kwenye majani akatafute. Amsikilize nani, mimi au wewe?"

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Mama, amsikilize mama yake." Tukaenda wote watatu nyuma ya darasa, nikalitoa kopo mbele yao, nikalifungua. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka kidogo, siyo kwa ajili ya kopo. Nilikuwa nafikiria picha ya yule mtoto na kasha la risasi. Kule Marekani ni kasha tu, linanunuliwa dukani. Mimi niliiangalia nikaona mchezo. Mama huyu angeiangalia angeona kitu kingine, na ndiye anayejua.

Ningeacha kabisa. Ila jioni nilisoma tena zile adabu na nikaona mama amezisema zote kwa maneno yake. Ruhusa kwanza. Kasha lijulikane ni la nani. Usimtie mtu wasiwasi. Mimi nilishika ile desturi ya kujificha, nikaacha ile sheria ya kwanza kabisa. Kifaa nilikijua, adabu sikuijua.

TUNAVYOCHEZA SASA

Nilimweleza mwalimu mkuu, tukaita wazazi, tukakubaliana. Kama unataka kucheza na watoto wako au kikundi chako, fanya hivi:

Kwanza, watu wote wa eneo wajue. Mwenyekiti wa bloku, majirani, sungusungu. Anayezungukazunguka na kifaa mkononi bila kueleza anadhaniwa vibaya, hasa sisi tulio karibu na mpaka.

Pili, chombo kiwe cha plastiki kinachoonyesha ndani, kisiwe cha chuma. Watoto wakishike na kukifungua kabla hakijafichwa. Sisi tumekifunga utepe mwekundu na kuandika jina la shule.

Tatu, kisiingie kwenye majani wala kwenye shimo. Tunakiweka juu: kwenye tawi la mwembe, nyuma ya ubao, chini ya benchi. Ndani ya uzio wa shule tu, na siku hiyo hiyo kinatolewa.

Nne, kabla ya kuanza watoto wanasema kwa sauti: "Ambacho hatukukificha sisi, hatugusi!" Ukiona kitu usichokijua, simama, usikisogeze, usikirushie jiwe. Rudi kwa njia uliyojia, mwite mtu mzima, naye aite sungusungu au polisi.

Tano, uwanja wetu ni mdogo na GPS inakosea mita 5, kwa hiyo simu moja inatufikisha karibu, halafu tunatumia dira na hatua: "Kutoka mlingoti wa bendera, hatua 20 kaskazini, 12 mashariki." Asiye na simu acheze kwa hatua tu. Hesabu ni ile ile.

Neno moja kwa vijana. Nilisema setilaiti haikuoni, ni kweli. Lakini programu za simu zinaweza kuchukua namba za mahali ulipo na kuzituma kwa watu kupitia mtandao, na picha unayopiga inaweza kubeba namba hizo ndani yake. Kwetu sisi tuliokimbia, wapo wasiotakiwa kujua tulipo. Nenda kwenye mpangilio wa simu, zima ruhusa ya mahali kwa programu usizoziamini. Usitume namba za nyumba yako kwa mtu usiyemjua.

Wiki iliyopita tulicheza mara ya kwanza kwa mpango mpya. Yule mama alikuja, akasimama kwenye uzio na mtoto mdogo mgongoni. Binti yake ndiye aliyeliona kasha, kwenye tawi. Hakulishika. Alisimama, akasoma maandishi yale ya jina la shule, akageuka kumwangalia mama yake. Mama akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akalichukua.

Wakaandika majina kwenye daftari mmoja mmoja. Mama akaingia, akaomba kalamu, naye akaandika lake. Akachukua gololi moja kwa ajili ya mdogo. Akaangalia huku na huku hana cha kuacha, akafungua pindo la kitenge, akaacha sindano ya kushonea... nikamwambia, "Hapana mama, sheria ya nne, chenye ncha hapana!" Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Akaacha kifungo.

SWALI LA MWEZI KWA WANAFUNZI

Kasha liko S 4° 52.600. Wewe umesimama S 4° 52.650. Namba za mashariki ni sawa sawa. Je, uelekee kaskazini au kusini, na utembee mita ngapi? Leta jibu kwa mwalimu wako, na uonyeshe njia, siyo jibu tu. Majibu toleo lijalo.

Tubaki salama, na tuonane mwezi ujao.